Karanga za Mbanda Wangu

Kwetu Kindu mtu hakupi maji mpaka ameyaonja mwenyewe mbele ya macho yako. Anakuletea kikombe, anapiga funda moja, anameza huku unamwona, ndipo anakukabidhi. Asipofanya hivyo una haki ya kukiacha kikombe palepale, na hakuna atakayekuita mkorofi. Nililelewa hivyo na nikalea hivyo. Ninalisema mapema ili watu wasiseme nimelificha: katika mambo ya chakula mimi ni mwanamke wa shaka. Nilikuwa hivyo kabla sijaolewa, na ubaya ni kwamba nilijisifia.

Mume wangu alikuwa karani kwenye bohari ya reli. Alioa mke wa pili miaka ile ya Zaire, tulipokuwa sote tunaitwa sitwayeni, yaani raia, na watu walikuwa wanaangalia nyuma kabla ya kusema bei ya mihogo imepanda. Mke mwenza kwetu tunamwita mbanda. Mbanda wangu alikuwa binti wa Lokandu, mtoto wa wavuvi, mwembamba, msikivu, ananiita yaya kama dada yake wa tumbo moja. Nilimchukia tangu siku ya kwanza. Angekuwa na mdomo mchafu ningemstahimili, tungetukanana tukamaliza. Mtu mpole utamshika wapi?

Mimi ni wa upande wa Tunda. Sombe langu, yale majani ya muhogo, napika kwa mawese tu, na chumvi, na pilipili. Yeye alitwanga sombe lake na karanga, likawa zito, na harufu yake ilivuka ua mpaka kwenye mlango wangu. Mume wangu aliikomba sufuria. Mtoto wangu naye akawa anavuka ua.

Sasa mtoto huyo. Nilikuwa nimeshazika wawili. Huyu wa kike ndiye aliyebaki, ana miaka sita, meno ya mbele yameng'oka, na alimpenda mama mudogo wake kupita kiasi. Mara ya kwanza alirudi kutoka kule anajikuna midomo, na mgongo wote umefura mabaka. Nikasema ni viwavi. Mara ya pili macho yalivimba yakafumba, akatapika. Mara zote mbili alikuwa amekula kwa mbanda. Nilimuuliza mbanda kama alionja kwanza. Akaniapia kwamba alionja, na mtoto mwenyewe akasema ndiyo, mama mudogo alionja, alikula hata vijiko vitatu.

Nikamkataza mtoto asivuke ua. Mtoto gani wa miaka sita anakatazika? Mara ya tatu niliitwa nikiwa mtoni nafua. Nilimkuta mikononi mwa mbanda, midomo imekuwa mikubwa, kifua kinapiga mluzi, na yule mwanamke analia kuliko mtu yeyote pale. Machozi yake ndiyo yaliyonitia hakika. Nikajisemea: anajua alichofanya, ndiyo maana analia. Mtoto alipata nafuu jioni ile, Mungu mwenyewe anajua kwa nini. Mimi nilikuwa nimeshapiga kelele barabara nzima ikasikia. Majirani wakanijaza: kikulacho ki nguoni mwako, mama.

Jumamosi iliyofuata, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mitaro ambayo kila raia aliifanya bila malipo, shauri lilipelekwa kwa mkuu wa selile, kitengo cha chama mtaani kwetu. Tulikaa uani kwake, majembe bado yana matope. Nilidai mbanda ale sahani nzima ya sombe lake mbele ya watu. Akaletewa. Akala. Hakuacha hata jani moja, akapangusa sahani kwa kidole.

"Nakula mbele yako, yaya," akasema. "Angalia."

Tuliangalia. Tulingoja mpaka jua likahama ukuta. Hakuvimba, hakukohoa. Mkuu wa selile alikuwa ameanza kunitazama vibaya, ndipo jirani yangu mmoja mzee akasema kwa sauti ya upole: "Aliyechanjwa hafi na sumu yake."

Aka! Ua mzima ukaguna. Maana jambo hilo kwetu kila mtu alilijua. Kuna waganga, walisema, wanaomchanja mtu ngozi, wanampaka sumu kidogo, wiki ijayo wanamwongezea, na wiki nyingine tena, mpaka mwili wake unaizoea. Baada ya hapo anakula nawe sahani moja, anaonja mbele yako kwa adabu zote, na unakufa wewe peke yako. Kwa hiyo angevimba, angekuwa mlozi aliyenaswa. Hakuvimba, basi ni mlozi aliyejikinga. Niliuona ule mtego wakati uleule, wallahi, niliuona kwamba hauna mlango wa kutokea. Nikafurahi.

Mkuu wa selile akamwamuru aonyeshe mikono. Akapandisha kitambaa. Kwenye bega la kushoto palikuwa na kovu la mviringo, limebonyea. Wanawake wakapiga yowe. Yule binti akasema, "Njo ile ya ndui, baba! Njo ya masista, tulichanjwa wote!" lakini nani alimsikia? Na hapa nitasema jambo ambalo sikumwambia mume wangu mpaka anakufa. Mimi pia ninalo kovu hilo, bega hilohilo, nilichanjwa ndui nikiwa msichana. Nusu ya wanawake waliokuwa wanapiga yowe walikuwa nalo. Hakuna aliyepandisha kitambaa chake, na mimi nilikivuta changu kikashuka zaidi.

Mume wangu akamrudisha kwao na boti ya wiki ile. Aliondoka na nguo na sufuria. Kinu chake kilikuwa kizito, akakiacha. Mtoto alilia siku mbili, nikampiga.

Kinu kile kilikuwa cha mti mzuri kuliko changu. Changu kilikuwa na ufa. Nilikitazama wiki tatu, nikakisuuza kwa maji mara moja, nikatwanga sombe langu la mawese ndani yake. Tulikula saa sita mchana, mimi na mwanangu, mlango wazi. Nilionja mbele yake kama kawaida. Hakumaliza vijiko vinne. Alishika koo, akanitazama, na midomo yake ikaanza kuwa ya rangi ya buluu. Hapakuwa na mbanda. Hapakuwa na mtu. Chakula kilikuwa changu na mkono ulikuwa wangu.

Jirani mwenye baiskeli alitupakia mpaka lopitali. Sindano ilimrudisha pumzi, nikaona kwa macho yangu kifua kikishuka. Munganga aliyempiga sindano alikuwa kijana, amerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya, na mjini ilishasemwa kwamba ametumwa kujaribia watu dawa. Kwa hiyo hata wakati namshukuru nilikuwa namchunguza mikono.

Akauliza mtoto alikula nini. Nikamwambia. Akauliza nilipikia nini, nikamwambia. Nilitwangia nini? Nikasema: "Kinu cha mulozi. Nitakichoma leo."

Hakucheka. "Huyo mulozi alikuwa anatwanga nini humo?"

"Sombe. Na karanga."

"Na wewe, mama, karanga hupiki?"

"Sipiki."

Akasema anataka kumkwaruza mtoto mkononi na kumpaka tone la maji ya karanga. Nikamwambia: anza na wewe. Akajikwaruza, akajipaka. Nikamwambia: sasa mimi. Akanikwaruza. Kisha mtoto, tone la karanga huku, na tone la maji matupu pale pembeni. Tukakaa tunatazamana kama watu wanaocheza karata. Mkono wake ukabaki mkono. Wangu ukabaki mkono. Wa mtoto, pale penye karanga, ukainuka uvimbe mweupe wenye wekundu pembeni, mkubwa kuliko kucha ya dole gumba. Pale penye maji hapakuwa na kitu.

"Haiko sumu, mama," akasema. "Njo karanga tu. Ukionja wewe, unaonja kwa mwili wako. Huwezi kumuonjea mutu mwingine."

Nilimuuliza inawezekanaje chakula cha watu wote kiwe sumu ya mtoto mmoja. Akavuta kiti. Akanieleza kwamba damu inajitengenezea walinzi wake, wadogo, hawaonekani, na kila mmoja anatengenezwa kwa ajili ya adui mmoja. Siku hizi nasikia redioni wanawaita kingamwili. Kwa mwanangu, walinzi wa aina moja walikuwa wameshika jina la karanga kama jina la mwizi. Karanga ikiingia wanapiga mayowe, mwili mzima unaamka, unavimba, unajifunga koo wenyewe kwa kumtafuta mwizi ambaye hayupo. Nilimsikiliza na ngozi ikanisisimka. Nilikuwa nimeyaona hayo, uani kwa mkuu wa selile, na mimi ndiye niliyepiga yowe la kwanza. Sikumwambia.

Nikauliza kama kuna dawa. Akasema kuna jambo wanalifanya kwa watu wanaouawa na nyuki: wanawapa sumu ya nyuki, kidogo sana, wanaongeza polepole, mpaka damu inatengeneza walinzi wa aina nyingine, watulivu, wanaomkamata mgeni mlangoni kabla wale wenye mayowe hawajamwona. Kwa chakula hakuwa na uhakika, na alilisema hilo mara mbili. Lakini hapa Kindu karanga iko kila mahali, shuleni, sokoni, mikononi mwa watoto. Angependa kujaribu, pale lopitalini, sindano ikiwa tayari mezani.

Nilisimama. "Unataka kumuchanja mutoto wangu," nikamwambia. "Sumu kidogo leo, kidogo kesho, mpaka azoee. Njo hivyo?"

"Tuseme hivyo."

Mama yangu! Jambo lilelile. Lilelile nililomfukuzia mtu. Nilimbeba mwanangu nikaondoka bila kuaga, na njiani nikawa naapa kwamba walozi walionifuata ni wawili sasa, mmoja ana kinu na mwingine ana koti jeupe. Nyumbani nilikichoma kile kinu. Kilifuka siku nzima, na moshi wake ulinikalia machoni.

Nilishikilia ukaidi wangu wiki kadhaa. Nilimfungia mtoto ndani. Kisha siku moja mtoto mwenzake wa jirani alimshika mkono kupitia dirishani, mkono umetoka kwenye karanga za kukaanga, na kifua kikaanza tena mluzi. Sikuwa na mlango mwingine wa kufunga. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye benchi la lopitali kabla ya munganga mwenyewe kufika.

Alisaga karanga ikawa unga, akaupima kwenye mizani ya duka la dawa, chembe ambazo ungezipuliza zingepotea. Akazikoroga kwenye uji. Nikamwambia, onja. Akaonja. Mtoto akala. Tukakaa pale, mimi na macho yangu kwenye midomo yake, muuguzi na sindano yake. Tukarudi kesho, na kesho kutwa. Kuna siku alivimba jicho, munganga akapunguza. Kuna siku alitapika, nikamwambia munganga maneno ambayo hayaandikwi. Alipunguza tena, tukaanza upya. Na kila siku nilimwambia aonje kwanza. Baada ya miezi kadhaa akashusha kijiko, akanitazama.

"Mama, unajua kwamba hii haihakikishi kitu?"

"Najua. Onja."

Akaonja. Alikuwa na subira, yule kijana, nikimpa haki yake.

Katikati ya miezi hiyo ilikuja timu ya chanjo ya polio, matone ya kutia mdomoni. Akina mama walijipanga uani kwa lopitali huku wanasukumana kurudi nyuma. Walisema matone yale yanafunga vizazi, ni mpango wa wakubwa. Sindano angalau unaiona inaingia. Tone linapita wapi? Mimi nilikuwa na swali langu. Nilimuuliza munganga kwa nini mdomoni na si mkononi. Akasema huyo mdudu wa polio anaingilia mdomoni, na mwili una walinzi wa pekee wanaokaa kwenye utelezi wa koo na wa matumbo, kwenye mlango wenyewe. Ukichanja mkono, unaamsha zaidi walio ndani ya nyumba. Ukitia tone mdomoni, unaamsha walio mlangoni.

"Basi walinzi wa mwanangu unawalaza, na hawa unawaamsha," nikasema.

"Mama, wewe ungesoma, ungeninyang'anya kazi."

Nilimwamuru muuguzi ajitie tone kwanza. Akajitia. Nikajitia na mimi. Halafu nikamwinua kidevu mwanangu, tone likaingia. Nyuma yangu nikasikia mwanamke akisema, "Kama huyu amekubali, huyu asiyekunywa hata chai ya mama yake, basi twende." Mstari ukasogea. Waliniamini kwa sababu walijua simwamini mtu. Nilirudi nyumbani kichwa juu, na sitakataa, nilijisikia mkubwa.

Mpaka msimu wa mvua uliofuata, mwanangu alikuwa anakula karanga tatu nzima mbele ya munganga na anaomba ya nne. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia yule kijana mbele ya wagonjwa wake. Hapo sikuwa tena na kisingizio. Maana tangu siku ile ya mkono uliovimba nilijua kwamba mbanda hakufanya kitu. Nilikaa na jambo hilo karibu mwaka, nikijiambia kwanza mtoto apone. Uongo. Nilikuwa naona haya, basi.

Nilipanda boti na mtoto tukashuka Lokandu. Nilimkuta ufukweni, karibu na mahali mitumbwi inapofungwa, amekaa nyuma ya samaki wake wa kukaushwa. Kushoto na kulia kwake wanawake walikuwa wanauza. Mbele yake hapakuwa na mtu. Alikuwa amekonda zaidi. Mtoto alimkimbilia, "Mama mudogo!" na yeye akainua mikono yote miwili juu, asimguse, akanitazama mimi kwanza. Hilo sijalisahau. Nilimwambia, mushike, ni mutoto wako. Ndipo akamshika.

Nikamweleza yote: karanga, kinu, mkono, walinzi. Nilipiga magoti mchangani mimi niliye mkubwa wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaya," akasema, "mimi nilijua sikufanya kitu. Unaniambia mimi, ya nini? Ambia hao."

Akanionyesha soko. Habari zilikuwa zimeshuka na boti kabla hata ya yeye mwenyewe kushuka. Harusini walimwambia akae apumzike, asiguse vyungu. Shangazi yake alikuwa anauza samaki wake kwa niaba yake, akisema ni wa mtu mwingine. Mwanamume aliyekuja kuposa alirudi kuchukua kilemba alichotoa cha posa. Walibaki wanawake wawili tu wanaonunua kwake waziwazi, majirani wa mama yake.

Basi nikasimama. Sauti ninayo, na siku ile niliitoa yote. Nikasema mimi ndiye mbanda mwenzake wa Kindu, mimi ndiye niliyemsingizia, mtoto ndiye huyu, na ugonjwa ulikuwa wa damu yake mwenyewe. Watu wakakusanyika. Nikamwambia mtoto atoe karanga zake mfukoni, akazitafuna mbele yao, moja, mbili, tatu, akafungua mdomo wakaona hakuna kitu. Nikasema: mnaona? Hajavimba! Mwanamke huyu hakumfanya kitu!

Kisha mwanamume mmoja akatikisa kichwa. "Mbanda gani aliwahi kumutetea mbanda?" akauliza wenzake. "Huyu mama amelishwa kitu."

"Amekuja kwa boti mwenyewe kupiga magoti," mwingine akasema. "Ameitwa. Mulozi mukubwa njo anaita hivi."

"Na mutoto amepona. Aliyefunga njo amefungua."

"Lisemwalo lipo," akasema mama mmoja mzee, akamshika mjukuu wake mkono akamvuta nyuma.

Niliapa kwa Mungu. Niliapa kwa makaburi ya wanangu wawili. Kadiri nilivyopaza sauti, ndivyo walivyorudi nyuma, na machoni mwao niliona wananihurumia, wananihurumia mimi. Nilikuwa bado napiga kelele mbanda aliponishika mkono, kwa upole uleule wake.

"Nyamaza, yaya," akasema. "Tazama kule. Hata wale wawili wameondoka."

Akaanza kufunga samaki wake kwenye majani, mmoja mmoja. Akamfuta mtoto unga wa karanga mdomoni kwa pembe ya kitenge chake, akanikabidhi mkono wake, akasema tuharakishe, boti inaondoka.